Filamu Isiyotaka Kusimuliwa



Mei 2019, kwenye tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, waandishi wa habari waliokuwa wakisubiri filamu mpya ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini walikuta ombi lake ndani ya makabrasha waliyogawiwa. Aliwasihi hivi: mtakapoandika kuhusu filamu hii, tafadhali msiseme yanayofuata baada ya kaka na dada kuanza kazi ya kufundisha nyumbani kwa tajiri. Ishieni hapo. Alieleza kwamba filamu yake haisimami juu ya siri moja ya mwishoni, ile ambayo mtu mmoja akiiropoka mlangoni basi kila kitu kimekwisha. Alichotaka ni mtazamaji abane pumzi kila hadithi inapokata kona, iwe kona kubwa au ndogo, na azikute kona hizo mwenyewe.

Filamu hiyo ni Parasite. Siku chache baadaye ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, ya kwanza kwenda Korea. Tarehe 9 Februari 2020 ikachukua tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa filamu isiyozungumzwa Kiingereza. Hayo ya tuzo yameshasemwa sana. Leo nataka tukae na lile ombi, maana naona lina mafunzo mengi kuhusu kutazama filamu kuliko sherehe zote zilizofuata.

Niseme kwanza nilivyoiona. Rafiki yangu alikuwa na tiketi mbili, mwenzake akapata dharura, nikachukua nafasi. Sikuwa nimeona trela wala kusoma chochote. Nilijua tu kwamba ni ya Kikorea na kwamba nitasoma maandishi chini ya picha kwa saa mbili na ushei. Nikakaa, taa zikazimwa.

Kinachoanza ni kichekesho cha watu wasio na kitu. Familia ya Kim, baba, mama, kijana wa kiume na wa kike, wanaishi kwenye chumba ambacho nusu yake iko chini ya ardhi. Dirisha lao liko sawasawa na uchochoro, soksi zimeanikwa hapo, na mlevi akitaka kukojoa anakuja kusimama mbele ya dirisha hilohilo. Vijana wanazunguka nyumba wameinua simu juu, wanatafuta Wi-Fi ya jirani baada ya jirani kuweka nywila. Wanaipata chooni, na choo chenyewe kimejengwa juu ya jukwaa, karibu kigonge dari. Kazi yao ni kukunja maboksi ya piza kwa malipo madogo. Siku moja wapuliza dawa ya wadudu wanapita mtaani. Watoto wanataka dirisha lifungwe. Baba, anayeigizwa na Song Kang-ho, anasema liacheni, tupate dawa ya bure. Moshi unaingia, chumba kizima kinakuwa cheupe, wenzake wanakohoa wameinama, yeye anaendelea kukunja maboksi ndani ya moshi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukumbi mzima tulicheka.

Kisha kijana anapata kazi ya kumfundisha Kiingereza binti wa tajiri, kwa cheti ambacho dada yake amekighushi kwenye mgahawa wa intaneti. Karibu na hapo ndipo Bong alipotuomba tuishie. Mimi nitasogea hatua chache mbele, hadi mahali fulani, kisha na mimi nitanyamaza. Kama hujaiona na unataka kuiona ikiwa mbichi kabisa, punguza sauti ya redio kwa dakika tano.

Mmoja akishaingia, anamwingiza dada yake. Dada anamwingiza baba. Amebaki mama, lakini nafasi ya mama ina mtu: mtumishi wa siku nyingi, mwanamke nadhifu anayeijua ile nyumba kuliko wenyewe. Wanagundua ana mzio wa matunda ya pichi. Basi inakuja sehemu ya dakika chache, vinanda vinapigwa kwa madaha kama vya kasri, na wale watu wanne wanamng'oa yule mama kama mafundi. Wanamnyunyizia vinyweleo vya ganda la pichi, anakohoa. Tajiri wa kike ananong'onezwa kwamba ni kifua kikuu. Karatasi ya kupangusia mdomo inawekewa tone la mchuzi wa pilipili, inaonyeshwa kwa mbali, nyekundu kama damu. Kazi imekwisha, mtumishi anaondoka na begi lake. Pale nilipokaa watu walipiga makofi.

Sasa ni usiku, mvua inanyesha. Matajiri wameondoka kwenda kupiga kambi. Familia ya Kim imejimwaga sebuleni kwa watu, wanakunywa vinywaji vya watu, wanatazama bustani kupitia kioo kikubwa. Kengele ya mlangoni inalia. Kwenye kioo kidogo cha mlango anaonekana yule mtumishi, amelowa chepechepe, uso umevimba, anatabasamu, anaomba radhi. Amesahau kitu chini ya jiko.

Hapa nanyamaza.

Nitakachokwambia ni kilichotokea kwetu tuliokuwa tumekaa. Kicheko hakikukatika mara moja. Kuna waliocheka alipotokea, kwa mazoea tu, kisha safu moja ikanyamaza, na nyingine, hadi pakawa kimya. Dada aliyekaa karibu yangu alikuwa anatafuna bisi tangu mwanzo. Mkono wake uliingia ndani ya mfuko ukabaki humo. Nilimwangalia kwa sababu nilihitaji kumwangalia mtu, nijue kama na yeye amehisi kwamba sakafu imeondoka. Tangu dakika hiyo hatukuwa tena kwenye kichekesho. Tulikuwa wapi, sikujua, na kwa saa iliyobaki kila nilipodhani nimejua, nilikosea mlango.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na nimefika mahali nikaamini hivi: kile kicheko cha mwanzo kilikuwa na kazi. Tulipocheka yule mama akikohoa, tulishiriki kumfukuza. Hatukulazimishwa. Tuliipenda familia ya Kim, tulitamani wafaulu, tukaona kukohoa kwake ni ngazi tu ya wao kupanda. Anaporudi usiku ule amelowa, anarudi kwao na anarudi kwetu sisi tuliopiga makofi. Sasa fikiria mtu amekwambia mapema kwamba filamu inaanza kwa kuchekesha kisha inageuka. Ungeitazama ile sehemu ya pichi ukiwa umejikinga. Ungemwonea huruma yule mama kabla ya wakati, ungejitenga na familia ya Kim, na mvua ingekukuta mikono yako misafi. Filamu ingekuwa ileile kwenye kioo, lakini kwako isingetokea.

Ndiyo maana nasema ombi la Bong halikuwa la kulinda biashara. Mtu asiyejua kinachokuja ni sehemu ya filamu yenyewe. Mwongozaji anamhitaji kama anavyomhitaji mpiga picha na mpiga kinanda.

Sasa, wapo watakaosema: kuchanganya aina za filamu si jambo geni kwetu. Kweli kabisa, na nafurahi wakilisema. Wazee wetu wa mwambao, waliojaza sinema za Majestic na Cine Afrique pale Unguja, Avalon na Empress Dar es Salaam, Regal na Naaz Mombasa, walikulia kwenye filamu za Kihindi, na filamu ya Kihindi haikubali kuwa ya aina moja. Chukua Sholay ya mwaka 1975. Kuna majambazi na farasi, kuna bwana jela wa kuchekesha, kuna Dharmendra aliyelewa akitishia kujirusha kutoka kwenye tangi la maji kwa ajili ya mapenzi, kuna nyimbo, na kuna lile jambo ambalo mimi huliona kubwa kuliko mapigano yote: mjane kijana, Jaya Bhaduri, anazima taa moja moja usiku barazani huku ng'ambo ya ua Amitabh Bachchan anapiga kinanda cha mdomo, na hawasemezani. Katikati ya filamu ya bunduki.

Lakini mchanganyiko ule ulikuwa wa ahadi. Ukikata tiketi ya filamu ya Kihindi ulijua utapata ngumi zako, nyimbo zako, kicheko chako na machozi yako, kama sinia linalopita kila mtu akapata fungu lake. Mzee anayependa maneno ya hekima, kijana anayependa mapigano, mama anayependa nyimbo, wote walitoka wameshiba. Parasite inafanya kitu kingine. Haikuletei mafungu. Inachukua kile kicheko ulichokwisha kukicheka na kukigeuza kikiwa tumboni mwako. Sisemi moja ni bora kuliko nyingine. Nasema zinahitaji matayarisho tofauti, na ya pili inahitaji usiwe na matayarisho.

Kuna sheria moja ambayo kila mtoto aliyekaa kwenye kibanda cha video anaijua: stelingi hafi. Akipigwa risasi ni begani, akitupwa baharini ataibuka. Sheria hii ndiyo inayotupa ujasiri wa kukaa kwenye kiti. Alfred Hitchcock aliivunja mwaka 1960 katika Psycho. Janet Leigh, nyota anayejulikana, anaiba dola 40,000 za mteja wa bosi wake na kukimbia nazo kwa gari. Kwa zaidi ya dakika 40 tunatazama filamu ya wizi: atakamatwa au hatakamatwa, atazirudisha au hatazirudisha. Kisha anaingia kuoga kwenye nyumba ya wageni, na stelingi anauawa kabla filamu haijafika nusu. Zile pesa, ambazo tulikuwa tunazihesabu naye, hazina kazi tena. Filamu ya wizi imekufa pamoja na mwizi, na mtazamaji ameachwa gizani na hadithi asiyoijua.

Hitchcock alijua kwamba mtu akichelewa, akaingia baada ya kisa hicho, atakaa amsubiri Janet Leigh hadi taa ziwake. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakiingia sinema saa yoyote. Filamu ikiwa katikati wanakaa, inamalizika, inaanza tena, wakifika walipoingilia wanaondoka. Akaagiza kumbi zote: filamu ikishaanza, asiingizwe mtu. Mabango yakawekwa milangoni kulitangaza hilo, na foleni zikapangwa nje. Akawaomba pia waliotoka wasiwasimulie wenzao. Miaka 59 kabla ya Cannes, ombi ni lilelile.

Msikilizaji, usidhani kuchanganya huku ni kupiga ramli, kwamba mwongozaji anatupia humo kila alichonacho. Bong amekuwa akifanya hivi miaka mingi. Katika The Host ya mwaka 2006, dubwana linatoka Mto Han katikati ya Seoul na kumchukua binti wa shule. Familia yake inakutana kwenye ukumbi wa kuombolezea, picha ya mtoto iko mbele kati ya maua. Wanalia, wanashikana, wanaanguka sakafuni, wanapigana mateke wakiwa wamelala chini huku wapiga picha wa magazeti wakiwamulika. Msiba ni wa kweli na unachekesha, vyote kwa pamoja, na unajionea aibu kwa kucheka. Kisha anaingia afisa aliyevaa nguo za njano za kujikinga na maradhi, mtu mwenye mamlaka, na hatua ya kwanza tu anateleza. Yeyote aliyewahi kukaa msibani anajua kwamba hili si uongo. Msibani kwetu pia watu hucheka, watani huja wakafanya vituko mbele ya jeneza, na hakuna anayeuliza hii ni aina gani ya tukio. Maisha ndiyo yaliyochanganyika kwanza. Kugawa filamu kwenye makabati, hii ya mapenzi, hii ya kutisha, hii ya vichekesho, ni kazi ya wauzaji, na ina faida yake dukani.

Kwenye Parasite mchanganyiko umejengwa kwa saruji. Ile nyumba ya tajiri haikuwa nyumba ya mtu. Mbunifu wa mandhari, Lee Ha-jun, na mafundi wake waliijenga kwa ajili ya filamu, kila ngazi na kila pembe ikiwekwa mahali ambapo mtu mmoja ataweza kumwona mwingine bila yeye kuonekana. Na ule mtaa wa maskini, na chumba cha chini na uchochoro wake, ulijengwa ndani ya tangi kubwa linaloweza kujazwa maji. Kwa nini tangi, hutalisikia kwangu.

Shida yetu leo ni kwamba kutojua kumekuwa kazi ngumu. Trela ya dakika mbili na nusu inakupa mwanzo, kati na karibu na mwisho. Kuna vijana wanaotengeneza muhtasari wa filamu nzima kwa dakika kumi, na watu wanauangalia kwenye daladala wakasema wameiona. Ukiandika jina la filamu kwenye simu, kabla hujamaliza herufi, simu inakumalizia: mwisho wake umeelezwa. Na tukiwa nyumbani, kengele ile ikilia, mkono unakwenda kwenye simu kutafuta nini kinafuata, kwa sababu wasiwasi hauvumiliki na dawa yake iko mfukoni. Ukumbini huwezi. Hakuna kusimamisha, taa zimezimwa, na jirani atakukemea ukiwasha simu. Unalazimika kubaki ndani ya wasiwasi pamoja na watu mia usiowajua. Ndiyo maana nazisikitikia kumbi zetu zilizogeuzwa maghala na maduka. Tulipoteza viti, na pamoja na viti tulipoteza mahali ambapo mtu alikubali kutojua kwa saa mbili.

Nimepingwa kuhusu hili na watu ninaowaheshimu. Mmoja aliniambia: mbona filamu zetu za zamani tulizirudia, tukazijua maneno kwa moyo, na utamu haukupungua? Na mbona tulimpenda Lufufu, akisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, akitia utani wake na kutudokeza mbele kuna nini, kama DJ Afro anavyofanya kule Kenya? Hoja nzito. Ngano zenyewe tunazisimulia zikiwa zinajulikana, na mtoto huidai ileile kila usiku.

Jibu langu ni kwamba kurudia ni furaha nyingine, na naitetea pia. Niliporudi kuiona Parasite nilikuta filamu ya pili ndani ya ya kwanza. Kuna maneno mwajiri anayatamka garini, mepesi, ya kupitisha wakati, ambayo mara ya kwanza yalinipita kama utani, na mara ya pili nilitetemeka. Msimuliaji kama Lufufu naye alikuwa anatupa filamu yake yeye, ya sauti yake na vichekesho vyake, na tulimfuata yeye hasa. Tofauti ni kwamba ya pili utaipata wakati wowote, hata ukiwa mzee. Ya kwanza ikishachukuliwa na mtu mwingine, hata kwa nia njema, hairudishwi.

Nimalizie na ya kwetu, maana sipendi mtu afikirie ufundi huu unakaa Seoul tu. Mwaka 2018 Likarion Wainaina wa Kenya alitoa Supa Modo. Jo ni mtoto wa miaka tisa, mgonjwa, ametolewa hospitalini kurudi kijijini. Anapenda filamu za mapigano kuliko chochote, na kwenye kibanda cha video pale kijijini yupo msimuliaji anayezitia chumvi kwa watoto. Kinachofuata kinachekesha kweli: kijiji kizima kinakula njama ili mtoto aamini ana nguvu za ajabu. Ina dakika 74. Utacheka muda mrefu ukiwa unajua kabisa mtoto ni mgonjwa, na hiyo ndiyo tofauti yake na Parasite: Wainaina hakufichi ugonjwa, anakuonyesha mapema, kisha anakufanya uusahau. Ni ujasiri wa namna yake, na sijui filamu nyingine ya Afrika Mashariki iliyonifanyia hivyo.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza: sasa nitajuaje kama inafaa kwa wanangu, kama siruhusiwi kuuliza? Uliza, mama. Uliza kama kuna damu, kama kuna mambo ya chumbani, kama mtoto wa umri fulani atalala usiku. Parasite ina vurugu na si ya watoto, hilo nakwambia wazi. Supa Modo unaweza kukaa nayo na mtoto mkubwa kidogo, ukiwa tayari kuzungumza naye baadaye kuhusu kifo, kwa sababu atauliza. Hayo ni maswali ya haki na aliyeiona anaweza kuyajibu bila kugusa hadithi. Akimaliza kuyajibu akavuta kiti aanze, "basi bwana, yule mama akaingia ndani…", hapo inuka, muage vizuri, ukakate tiketi yako.